Mwenye Boma Lazima Apande Kwanza

Watu wakiniuliza mume wangu alianza kuugua lini, huwa nawajibu kwamba sijui, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kujua. Kwa muda mrefu alikuwa akishika kifua na kusema ni asidi. Akila maharagwe, asidi. Akipanda kile kilima cha kwenda kwa wakulima wake upande wa Uriri, akasimama katikati ya njia kutafuta pumzi, asidi pia. Siku moja nilimwuliza hiyo asidi yake imejifunza lini kupanda vilima. Akacheka, akatafuna kidonge chake cheupe, akawasha pikipiki na kwenda zake. Mtu mkaidi kweli kweli, na mimi niliolewa naye nikijua.

Alikuwa afisa wa kilimo wa serikali. Tulikaa Migori mjini, nyumba ya kupanga, na mimi nilikuwa na kibanda changu cha kushona sare za shule karibu na stendi. Boma letu lenyewe liko Homa Bay, si mbali na soko la Kosele. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wakulima maneno yale yale kila mwaka: mvua ya kwanza ikinyesha, pandeni, msingoje, maana kila wiki mnayochelewa mnapunguza magunia. Aliyasema kanisani, aliyasema kwenye baraza la chifu, aliyasema mezani kwangu nikiwa natafuna. Watoto wetu waliweza kumwigiza neno kwa neno, mpaka kile kikohozi chake cha kuanzia hotuba.

Lakini huyo huyo afisa, akifika nyumbani kwake, alikuwa mtu mwingine. Kwetu sisi Wajaluo, mtoto wa kiume mwenye nyumba bomani haweki mbegu ardhini kabla ya baba yake. Mwenye boma na mke wake wa kwanza ndio wanaoanza. Wakishaanza, anafuata mwana mkubwa na mke wake, halafu anayemfuata huyo. Tunaita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Ukiruka zamu, wazee watakuambia umejitafutia chira, ile balaa inayomkondesha mtu mpaka akaisha na madaktari wasione ugonjwa. Tena kuna mambo ya usiku wa kuamkia siku hiyo, jinsi mume na mke wanavyopaswa kulala nyumba moja, ambayo sitayaeleza hapa kwa sababu nina wajukuu wanaojua kusoma.

Sasa mume wangu ni Msabato, na ni mzee wa kanisa. Ukimtajia chira, anakufungulia Biblia hapo hapo. Alikuwa akipeleka mbegu kanisani ziombewe, halafu anazirudisha nyumbani na kuhakikisha hakuna mtu aliyegusa jembe kabla yake. Nilimchokoza sana kwa hilo. Nilimwambia yeye ni Msabato wa Jumamosi na Mjaluo wa mwezi wa tatu. Alinijibu kwamba ile si mila, ni heshima, na kwamba heshima haina dhehebu. Haya. Ukweli ni kwamba hata mimi nilipenda siku ile. Nilikuwa mke wa kwanza na wa pekee, na siku ile kila mtu bomani alinisubiri mimi.

Wanangu wawili wana nyumba zao pale. Mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi, mdogo ana bodaboda, na wake zao ndio wakulima hasa. Kila mwaka walikuwa wakitayarisha mashamba yao, wanaweka mbegu ndani, halafu wanakaa kutazama njia ya Migori kama baba yao anakuja.

Mwaka huo mambo yalianza mwezi wa pili. Alikuwa shambani kwa watu, akiwaonyesha jinsi ya kupima mashimo, maumivu yakamshika kifuani yakapanda hadi taya na kushuka mkono wa kushoto. Mwenzake wa kazi alimleta kibandani kwangu kwenye pikipiki, akiwa amelowa jasho shati zima. Nilipomwona uso wake nilijua kwamba leo hatutaongea habari ya asidi. Niliacha sare ya mtoto wa watu kwenye cherehani, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nikampeleka hospitali.

Walimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, daktari akaitazama na mara moja akampa dawa ya kutafuna. Akatuambia ni mshtuko wa moyo, mdogo, ila ni mshtuko. Alilazwa, akatulia, kisha wakasema lazima aende Nairobi mishipa ya moyo ikapigwe picha, kwa sababu mashine hiyo hapa kwetu haipo. Tukaenda.

Nataka niseme mapema kwamba shida haikuwa pesa. Bima ya kazi yake ilikubali kulipa njia zote mbili nitakazozieleza. Watu wakisikia hadithi yetu hudhani tulikosa pesa, wananipa pole ya pesa. Laiti ingekuwa pesa. Ingekuwa pesa ningemlaumu mwingine, nikalala.

Kule Nairobi walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wake hadi moyoni, wakamwaga rangi, picha ikaonekana kwenye televisheni. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo inakulazimu kuinama ili usikie. Alituita sote wawili, akatuonyesha. Mimi sikuona kitu, niliona tu mizizi myeusi inayocheza. Basi akachukua kalamu, akachora moyo kwenye karatasi, na mishipa mitatu mikubwa inayoulisha. Akaweka alama kwenye kila mmoja. Yote mitatu ilikuwa imeziba vibaya, na alama moja ilikuwa pale juu mwanzoni, kabla mshipa haujagawanyika. Halafu akauliza kuhusu sukari, kwa sababu mume wangu ana kisukari, na nikaona anatikisa kichwa.

Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni stenti, kijibomba cha waya kama wavu, kinachopelekwa kupitia mkono ule ule mpaka palipoziba, kinatanuliwa, damu inapita. Mgonjwa anakaa hospitali siku chache anaenda nyumbani. Ya pili ni kupasua kifua. Wanatoa mshipa mguuni, wanaushona moyoni ili damu izunguke pale palipoziba, kama gari linavyopitia barabara ya kando daraja likibomoka. Alisema mtu mwenye mishipa mitatu mibovu, tena pale juu mwanzoni, tena ana kisukari, kwa kawaida upasuaji humfaa zaidi na humlinda kwa miaka mingi zaidi. Stenti angeweza kumwekea, hakukataa. Lakini si kila mahali pangezibuka vizuri, na uwezekano wa kuziba tena ungekuwa mkubwa. Akaongeza kwamba msuli wa moyo wake bado una nguvu, mshtuko haukuuharibu sana, na kwa hivyo huu ndio wakati mzuri wa kufanya operesheni.

Kisha akamtazama mume wangu na kusema, "Mzee, ungekuwa baba yangu ningekuomba upasuliwe."

Mtu akikuambia hivyo, unataka nini tena? Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nimebaki pale aliposema kwamba mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno na kufungwa tena kwa waya. Msumeno! Nilimwona mume wangu kama ubao kwa fundi. Najua sasa kwamba wanafanya kazi hiyo kila siku na watu wanaamka na kunywa uji. Siku ile sikuwa na akili hiyo.

Mume wangu yeye hakushtushwa na msumeno. Aliuliza swali moja tu. "Na jembe nitalishika lini?"

Daktari alimwambia mfupa lazima uunge, kwa hivyo kwa miezi kama mitatu hakuna kuinua kitu kizito, hakuna kuendesha pikipiki, na habari ya jembe asahau kabisa. Mume wangu akatazama dirishani. Nilijua anachofanya. Alikuwa anahesabu Machi, Aprili, Mei. Akauliza kama operesheni haiwezi kungoja mpaka watu wapande. Daktari alisema moyo ule hawezi kuuahidi msimu mzima. Tufikirie, alisema, tuongee na watu wetu, tusiharakishe, lakini tusikawie pia.

Basi tukabaki wodini tukifikiria. Hapo ndipo kila mtu anayekujua anakuwa daktari. Kulikuwa na ndugu mmoja wa kanisa letu Migori aliyewahi kuwekewa stenti. Huyo alipiga simu akaongea na mgonjwa wangu mpaka betri ikaisha. Alisema yeye aliwekwa Jumatatu, na Sabato iliyofuata alikuwa kwenye kwaya akiimba besi. Alisema mtu hapaswi kupasuliwa kifua kama Mungu amempa mlango mdogo wa kuingilia. Maneno matamu kweli. Hakuna aliyemwuliza alikuwa na mishipa mingapi iliyoziba. Nilikuja kujua baadaye sana, nikimshonea mkewe nguo ya harusi ya binti yao, kwamba ulikuwa mmoja tu. Mmoja! Na sisi tulikuwa tunajipima naye kama watu wanaonunua viatu vya saizi moja.

Lakini nisimsingizie ndugu wa watu. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa pale dirishani. Mume wangu alinieleza akiwa ametulia kabisa, kama anawafundisha wakulima. Akipasuliwa sasa, hataweza kuwa bomani mvua ikija. Asipokuwepo, wana wetu hawatapanda, maana yeye ndiye wa kuanza. Wasipopanda mapema, wake zao watavuna mabua. Yeye aliyewafundisha watu wa kaunti mbili kupanda mapema, nyumba yake mwenyewe ichelewe kwa sababu yake? Aliona aibu hiyo ni kubwa kuliko msumeno. Na kwamba wana wetu wangeweza kuanza bila yeye, hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Wala mimi. Naapa, tulikaa pale siku mbili, watu wazima wawili waliosoma, Wasabato wanaoomba asubuhi na jioni, na wazo hilo halikuja kuketi nasi hata mara moja.

Wanetu hakuwauliza. Aliwapigia simu kuwaambia. Kwetu baba haendi kwa watoto kuwaomba maoni kuhusu mwili wake, na mtoto akiambiwa jambo limeamuliwa anaitikia. Mkubwa aliuliza tu daktari amesemaje. Mume wangu akamjibu kwamba daktari amesema njia ziko mbili na yeye amechagua ya stenti, atarudi kabla ya mvua. Na hayo ni kweli, hakudanganya hata neno. Mwanangu akasema sawa, Baba. Mdogo akasema sawa, Baba. Nami niliposikia hakuna msumeno, nilisema Mungu asifiwe, tena kwa sauti, wodi nzima ikanisikia.

Daktari hakubishana. Aliuliza mara mbili kama tumeelewa, akarudia yale aliyosema juu ya kisukari na juu ya mishipa mitatu, tukasema tumeelewa. Walimwekea stenti tatu. Alitoka na plasta ndogo kwenye kifundo cha mkono, akiniambia nimwone alivyo, kama mtu aliyetoka kupima malaria. Nilimwona, na nikacheka naye. Huwa nakikumbuka kicheko kile na kinanichoma.

Mvua ilikuja wiki chache baada ya kurudi kwetu, na ilikuja Ijumaa jioni, Sabato ikiwa inaingia. We! Mungu naye ana mizaha yake. Mume wangu alishinda Jumamosi nzima akinusa ule udongo uliolowa bila kuugusa, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Mkewe mwanangu mdogo alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu na kutabasamu tu. Jumapili asubuhi tukatoka. Alichimba mashimo ya kwanza, mimi nikadondosha mbegu na kufukia kwa mguu, wana wetu wakiwa wamesimama ukingoni na wake zao, majembe begani. Tulipomaliza mistari yetu aliwageukia akawaambia, haya, nendeni. Nilikuwa sijamwona na furaha namna ile tangu tulipohamia boma letu. Hakushika kifua hata mara moja.

Na mahindi yakakubali. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba yalikubali. Laiti mvua ingekatika, laiti viwavi wangekula, ningesema hata hicho alichokitafuta hakukipata. Lakini alikipata. Alikuwa akija kutoka Migori kila wikendi kuyatazama, akipita kwenye mistari na kuhesabu mahindi kwenye mabua, akiwaambia majirani kwamba hivyo ndivyo mtu anayepanda mapema anavyovuna. Kanisani walimwita mbele atoe ushuhuda. Alisimama karibu na yule ndugu wa besi, wote wawili wakainua mikono yao yenye vile vikovu vidogo, kanisa zima likasema amina. Mimi nilisema kubwa kuliko wote.

Dawa alimeza, sitamwonea. Ile ya kuzuia damu kuganda, ya presha, ya sukari, ya mafuta, zote nilizipanga mimi kwenye kikopo na zote zilimezwa. Sukari ilishuka ikapanda, ikashuka ikapanda, kama kawaida ya kisukari. Alitembea asubuhi. Niliacha kupika kwa mafuta mengi, mpaka wageni wakawa wanasema mboga zangu zina ladha ya hospitali.

Ilikuwa baada ya mavuno, mvua ndogo zikikaribia, alipoanza tena kusimama njiani. Alisema ni asidi. Safari hii sikumchokoza. Nilimpeleka Migori hospitali, wakampangia tarehe ya kurudi Nairobi kwa yule daktari. Tukaenda bomani kwanza kuchukua nguo nzuri za safari. Ndiko maumivu yalikomkutia. Alikuwa uani akifunga kamba ya ng'ombe, akaketi chini, na hakuweza kuinuka. Mwanangu mdogo alitafuta gari la jirani, tukamkimbiza Homa Bay. Njia ile naijua, nimeipita maisha yangu yote, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda Nairobi. Wale wa Homa Bay walihangaika naye, Mungu awabariki, wakamrudisha. Alipopata nguvu kidogo akasafirishwa.

Ni yule yule daktari aliyetupokea. Alipima, akapitisha tena ule mrija wa mkononi, akapiga na picha ya moyo kwa mashine inayotelezeshwa kifuani, akarudi kutuambia. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, na mimi kando yake. Alituambia stenti mbili kati ya zile tatu zimeziba, na kwamba safari hii mshtuko ulikuwa mkubwa. Sehemu kubwa ya msuli wa moyo imekufa. Nilimwuliza, sasa si tufanye ile operesheni? Nilisema kwa haraka, kama mtu anayekimbilia gari linaloondoka. Nilimwambia siogopi tena msumeno, wakate tu.

Alinieleza polepole kwamba ule upasuaji ulihitaji moyo wenye nguvu ya kuustahimili, na nguvu hiyo haipo tena. Wakimpasua sasa, yaelekea hataamka. Alisema wamekaa madaktari kadhaa wakajadili na wote wameafikiana. Kuna dawa za kuusaidia moyo uliochoka, na atapewa. Hakutukaripia hata kidogo. Ningependa angetukaripia. Ningependa angesema, mimi si niliwaambia, ili nipate mtu wa kugombana naye. Aliniwekea mkono begani tu, akatoka.

Mume wangu aliacha kazi. Kibanda changu nilimwachia msichana niliyemfundisha, nikarudi bomani kukaa naye. Miguu yake huvimba, nailaza juu ya mto. Kutoka nyumbani hadi chooni anapumzika kwenye kigoda nilichomwekea katikati. Yule mtu wa pikipiki na vilima. Wakati mwingine wakulima wake wanakuja kutoka Migori kumsalimia na kumwuliza maswali ya mbolea, na anawajibu vizuri kabisa, kwa kunong'ona, mpaka pumzi inamwishia katikati ya neno nami namalizia sentensi.

Mwaka huu mvua ilipokuja, tulimtoa nje akiwa kwenye kiti cha plastiki, wana wake wakimbeba kila mmoja upande wake. Mimi ndiye niliyechimba. Yeye alidondosha mbegu kwenye shimo moja, nikafukia, ikatosha. Wana wetu wakaenda mashambani mwao na sisi tukarudi ndani.

Alasiri mwanangu mkubwa alikuja kumwangalia. Mkewe alikuwa ametuletea ugali na samaki, na mume wangu alikuwa akionja kidogo kidogo kama kawaida yake siku hizi. Akasema ugali ule si wa mahindi yetu. Mwanangu akamwambia ni kweli, ni unga wa dukani, yetu yaliisha tangu Januari kama kila mwaka. Mume wangu akasema basi ni vizuri tumepanda mapema, na kwamba kama mwaka ule angekubali kupasuliwa, akachelewa hospitalini, hali ingekuwa mbaya zaidi, wangekosa kabisa.

Mwanangu si mtu wa maneno mengi. Alikuwa akitazama sakafu. Akasema, "Baba, mwaka ule tungenunua tu unga."

Mume wangu aliacha kutafuna. Akamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejibu jina lake likiitwa darasani. Machozi yalikuwa yakimtoka, mwalimu mzima, na hakuyafuta. Alisema yeye na mdogo wake, kwa maneno yale ya simu, walidhani daktari ndiye aliyechagua stenti. Hawakujua kwamba ni kwa ajili ya mashamba yao. Wangejua, alisema, wangepanda wenyewe na chira iwapate wao, au wangeyaacha yalale mwaka mmoja, ardhi haitoroki. Alisema mambo mengi zaidi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema mbele ya baba yake. Kisha akaomba samahani, akachukua sahani na kutoka.

Nilitaka kumfuata na nilitaka kubaki. Nikabaki. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mwanangu hakukosea. Mume wangu aliwapenda watoto wake, akafanya alichofanyiwa na baba yake. Na mimi nilisikia maneno ya daktari kwa masikio yangu haya mawili, nikamshukuru Mungu kwa sababu niliogopa msumeno. Unga. Mfuko wa unga ambao kila duka la Kosele linao mlangoni. Kwa hilo moyo wa mtu umekufa nusu. Najuta mpaka mate yanakuwa machungu, na sina wa kumwambia ila huyo huyo aliyelala mbele yangu.

Nilimsogezea mto chini ya miguu. Halafu akaniita.

"Mama watoto, mpigie yule daktari. Mwambie nimekubali kupasuliwa."

Nilidhani dawa zimemchanganya kichwa. Nilisogeza kiti, nikamshika mkono na kumkumbusha taratibu kwamba daktari alishasema haiwezekani tena, kwamba tulikuwepo sote wawili, yeye mwenyewe ameegemea mito akimsikiliza.

"Najua," alisema. "Nilitaka tu niseme nimekubali."

Nikamwambia hata mimi ningekubali.